Madoa Sita ya Abasia

Jumamosi, 5 Mei 2012

Sidonie, ungefunga mdomo wako hata kilomita kumi tu, malaika wako wa kulia angepata kitu cha kuandika. Kutoka mtaa wetu wa Schaerbeek mpaka mji wa Tongeren, hapa hapa Ubelgiji, ni saa moja na nusu. Saa moja na nusu nzima umetusomea kikaratasi cha safari kwa sauti kama tuko darasani. Sisi ni watu wazima. Wengine tulitaka kusinzia.

Bon. Niandike kwa utaratibu.

Nyumba ya mikutano ya mtaa wetu imeanza safari za Jumamosi kwa akina mama. Asubuhi kwenda, jioni kurudi, katikati kutazama mawe ya zamani. Anayetuongoza ni Anne-Marie, Mbelgiji mwembamba, mpole mno, hata kuku hawezi kumfukuza jikoni. Leo ametangaza ndani ya basi. Safari kubwa ni tarehe 2 Juni, tunakwenda Trier, Ujerumani, mji wa Warumi. Watu hamsini. Peke yake hatatuweza. Anataka mama mmoja wa kumsaidia. Huyo mama atavaa kitambulisho shingoni, atakaa kiti cha mbele, atashika kipaza sauti. Anne-Marie atamchagua baada ya safari tatu.

Basi zima lilimgeukia Sidonie. Maman Sidonie wa Lubumbashi, mwalimu mstaafu, miwani ya kamba. Mimi hakuna aliyenitazama. Mimi shule niliiacha darasa la nne, kule kwetu Buyenzi, mama alipojifungua mapacha.

Kile kipaza sauti nakitaka. Naandika hapa kwa sababu daftari halicheki. Miaka kumi na tisa nimesafisha ofisi za mji huu. Naingia kwa mlango wa nyuma alfajiri, natoka kabla wenye viti hawajafika. Ndani ya majengo yale ndoo yangu ilisikika kuliko mimi. Nataka mara moja tu niseme neno na watu hamsini wanyamaze.

Tongeren yenyewe si mbaya. Kuna ukuta wa Warumi, mrefu, umekaa nje tu kama hauna mwenyewe. Nikaketi juu ya jiwe lake, magoti yangu si ya Warumi. Sidonie akaja mbio. Eti Maman Hamissi, ile haiko kiti, njo ukuta ya Baroma, iko na myaka karibu elfu mbili. Nikamwambia kama umesimama miaka elfu mbili utanivumilia mimi dakika mbili. Watu wakacheka. Sidonie naye akacheka, nikakasirika.

Kisha makumbusho. Walituonyesha jinsi nyumba za wakubwa wa Kirumi zilivyopashwa moto kwa chini ya sakafu. Moto unawaka kwenye shimo, joto linapita chini ya miguu ya bwana. Sidonie akasoma bango lote, akasema ni ajabu ya akili ya binadamu. Mimi nikauliza nani alikuwa anaingia mle chini kutoa majivu. Sidonie akatafuta kwenye bango. Hakuna. Nikasema basi mimi nawaambia: alikuwa mtu mwembamba, alikuwa anakohoa, na bwana hakumjua jina.

Anne-Marie akaandika kitu kwenye kijitabu chake. Niliona. Sidonie sifuri, mimi moja.

Jumapili, 6 Mei

Nimemwambia mjukuu wangu Jamila anitafutie kwenye kompyuta habari za ngome ya Ghent, ndiko tunakokwenda Jumamosi. Kasoma kama mtu anayekimbiza tramu. Mabwana wa Flandria, vita, mabwana wengine wa Flandria, majina yale yale, vita tena. Nikamwuliza kama hawa watu hawakuwa na majina ya kutosha. Akasema nyanya, andika tarehe. Nikaandika kumi na saba. Baada ya sala ya alasiri nilikuwa nakumbuka mbili, na moja ilikuwa siku ya kuzaliwa kwa Jamila.

Donc kwa vitabu sitamshinda. Lakini mtu anayesoma anahitaji macho.

Jumamosi, 12 Mei

Ghent. Mpango ulikuwa mzuri. Nauandika ili ionekane kosa halikuwa langu.

Nilikaanga sambusa arobaini. Ndani ya basi nikagawa, Sidonie nikampa tatu. Alipomaliza nikamwambia miwani yake ina vumbi, alete nimsafishie, hii ndiyo kazi yangu, vioo nimefuta mpaka ghorofa ya kumi na mbili. Nikaisugua vizuri kwa kile kitambaa kilichofunika sambusa. Pande zote mbili. Mafuta ya sambusa hayaonekani, ila kupitia kwayo pia huoni kitu.

Sidonie akaishika mikono yangu. Eti tangu marehemu mume wake hakuna mtu aliyemfutia miwani. Nikatazama dirishani. Kulikuwa na ng'ombe.

Ngome ni kubwa, ya mawe ya kijivu, imezungukwa na maji katikati ya mji. Ngazi zake zinazunguka kama utumbo. Mimi nilipanda nikihesabu vumbi. Kwenye ukumbi wa kwanza Sidonie akasogelea bango, akarudi nyuma, akasogelea tena, akapangusa macho. Moyo wangu ukatulia. Nikajisafisha koo, nikaanza na tarehe zangu mbili.

Sidonie akavua miwani, akaiacha ining'inie, akasema bon, wamama, muikale chini. Tukaketi hata mimi. Akasimulia ngome yote kutoka kichwani. Nani alijenga, nani alimfunga ndugu yake, nani alikufa kwa kiu na maji yako pale chini. Alikuwa akifundisha mambo haya miaka thelathini, watoto wa Lubumbashi waliyakariri kabla ya kuijua mito yao wenyewe. Wazungu wengine waliokuwa wanapita wakaketi nyuma yetu. Mwisho wakampigia makofi.

Anne-Marie hakuandika kitu. Alikuwa anapiga makofi.

Jumatatu, 14 Mei

Sikulala vizuri. Sio dhambi, ni sambusa.

Nimefikiri. Kosa langu ni kupigana kwa panga la mwenzangu. Sidonie ni wa maneno, mimi ni wa kazi. Na nimekumbuka kitu. Tulipokuwa tunashuka kwenye basi Anne-Marie alisema Jumamosi tutakwenda kwenye magofu ya abasia, yaani nyumba ya watawa wa kale, na akasema kwa huzuni kwamba mawe yale yanahitaji mikono mingi na mikono haipo.

Mtu mpole haombi. Anasema kwa huzuni halafu anangoja mwenye akili aelewe.

Nimenunua brashi mbili ngumu, siki, na sabuni nyeusi ya kopo. Glavu ninazo. Jamila kauliza ninasafisha nini. Nimemwambia jina langu.

Jumamosi, 19 Mei

Abasia. Haina paa. Haina milango. Haina madirisha. Na bado tumelipa kiingilio. Nilisimama pale penye mlango nikapiga hodi tatu, adabu ni adabu hata kama mwenyeji alikufa zamani. Bertin, dereva wetu, akaitika karibu kutoka nyuma yangu kwa sauti ya mtawa. Huyu kijana wa Bukavu hana heshima lakini anaendesha vizuri.

Saa sita wakaketi kwenye nyasi kula. Nikasema nakwenda kutafuta mahali pa kuswali. Niliswali kweli, ili nisiwe mwongo. Kisha nikachukua mfuko wangu nikaingia kwenye kikanisa kidogo pembeni, peke yangu.

Na hapo nikaona.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu watu wasiofanya kazi hii hawataelewa. Kwenye usafi kuna mkaguzi. Anapita baada yetu, na kila doa tulilolisahau analibandikia kando yake kijikaratasi cha njano chenye namba. Hasemi neno. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Ukirudi kesho unafuata namba, unasugua, unabandua, yamekwisha. Miaka kumi na tisa nimekula mkate kwa kufuata zile namba. Hakuna lugha ninayoisoma vizuri kuliko ile.

Ukuta wa kikanisa kile ulikuwa na choa. Sina neno lingine. Mabaka ya mviringo, ya njano na kijivu, kama kichwa cha mtoto aliyeazima kofia ya watu. Na kando ya kila baka, kimebandikwa kibati kidogo cha njano. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Mkaguzi alishapita! Kazi iliagizwa, namba ziliwekwa, na wavivu fulani hawakurudi. Niliona aibu kwa niaba ya taaluma nzima.

Nikavaa glavu. Siki kwanza, ingoje, halafu sabuni, halafu brashi kwa kuzungusha, kamwe si kwa kukwaruza. Dakika saba kwa kila doa. Namba nne lilikuwa kaidi, nililipa dakika kumi. Vibati nikavibandua nikavipanga juu ya kijiwe, ili mkaguzi avihesabu. Jiwe likatoka jeupe kama jino la mtoto. Nikasimama mbali kidogo, nikatazama. Wallahi lilipendeza.

Nikamwita Anne-Marie. Nikawaita wote, Sidonie kwanza.

Anne-Marie alitazama ukuta. Alitazama vibati sita kwenye kijiwe. Akaketi chini, kwenye majani yenye maji, na sketi yake nyeupe. Nikadhani ni furaha. Mlinzi akaja, akashika kichwa, akaanza kupiga simu. Sidonie akapangusa miwani, akasogelea bango lililokuwa kando ya mlango wa kikanisa, akasoma kwa sauti ya chini, mara ya kwanza nimsikie akisoma kwa sauti ya chini. Msiguse. Haya si madoa, ni mimea midogo hai inayoota juu ya mawe. Chuo kikuu kinaipima kila mwaka tangu 2001.

Bango nililiona. Lilikuwa na maneno mengi. Maneno mengi ni ya watu wasio na kazi.

Jumapili, 20 Mei

Jana kurudi hakuna aliyeimba. Watu wamenitazama kama nimekojoa msikitini. Sidonie alikuja akaketi kando yangu, akanipa pipi ya tangawizi kwa ajili ya kichefuchefu. Sikuwa na kichefuchefu. Niliila.

Mwanangu Hamissi kapiga simu asubuhi, habari imefika kwake Berchem kabla ya mkate. Kasema mama, umeosha miaka kumi na moja ya chuo kikuu. Nimemjibu mimi nimemwosha yeye miaka mitano na hajawahi kunishukuru. Kakata simu. Kapiga tena kuuliza kama nimekula.

Trier sitakwenda. Sijaambiwa, lakini najua. Anne-Marie kaniita Jumanne saa nne, na mtu wa chuo kikuu atakuwepo. Nimeandaa kanga ile nzuri. Kama ni jela, niende nimependeza.

Jumanne, 22 Mei

Nilimtegemea mtu wa kufoka. Kaja mzee mfupi, koti lina kifungo kisicho chake, kakumbatia albamu. Hakufoka. Aliifungua mezani. Picha za madoa yangu. Namba moja mwaka 2001, namba moja mwaka 2002, hivyo hivyo, kila mwaka picha moja, na rula kando. Wengine huweka hivi picha za watoto. Akanieleza taratibu, kwa Kifaransa chepesi, kwamba doa linaongezeka milimita moja kwa mwaka likiwa na bahati. Kwamba namba nne huenda lilikuwa na umri wa miaka mia tatu.

Ndiyo maana lilikuwa kaidi.

Sikumwambia hivyo. Nilimwuliza kama ana wajukuu. Akasema hana. Kweli nilimhurumia, mtu mzima, koti la baridi mwezi wa tano, anapima choa cha ukuta.

Nikamwambia samahani. Naandika hapa kwamba nilisema, kwa sababu sijui kama nitarudia. Lakini nikamwambia pia kwamba mtu hawezi kubandika namba ya njano kando ya doa halafu ashangae likisafishwa. Mimi nimefuata namba. Anne-Marie akafunga macho. Yule mzee akaniuliza namba gani. Nikamweleza habari ya mkaguzi, kijikaratasi, na kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, na baada ya hapo sijui kama alikuwa bado anacheka.

Alipotulia akatoa kalamu. Akaniuliza nilitumia nini. Siki ya asilimia ngapi. Sabuni gani. Ilikaa dakika ngapi. Brashi ya manyoya ya nini. Akasema yaliyokufa yamekufa, ila hajawahi kupata ruhusa ya kulisafisha jiwe hai mpaka kwenye ngozi ili aone mimea inarudi kwa muda gani. Nani angemruhusu? Sasa limesafishwa, tena sawasawa mara sita. Ataanza upya kupima. Angalau aandike jinsi ilivyofanyika.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na kuzungusha mkono nikamwonyesha juu ya meza. Aliandika kurasa mbili. Akaniomba nisaini chini, na tarehe.

Miaka kumi na tisa. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninatumia sabuni gani.

Nilisaini polepole, na nikamwambia asahihishe jina alivyoliandika, Hamissi ni s mbili.

Ijumaa, 25 Mei

Anne-Marie kachagua. Ni Sidonie. Kitambulisho, kiti cha mbele, kipaza sauti. Mimi naruhusiwa kwenda Trier kwa masharti: mfuko wa mkononi tu, na Bertin ataukagua mlangoni. Mimi, nikaguliwe na Bertin.

Nilivunja sahani moja, ya zamani, ilikuwa na ufa.

Jioni kengele ikalia. Sidonie, na bakuli la maandazi yao ambayo wao wanayaita mikate. Kaketi, kasifu sakafu yangu. Kasema miwani yake ilinukia sambusa wiki nzima, hata padri alimwuliza. Nikamwambia mafuta ya siku hizi hayana uaminifu. Kasema, ee, njo vile, mafuta ya leo.

Kisha kasema alichokuja kusema. Kwamba tangu Tongeren lile swali la majivu linamsumbua. Miaka thelathini alifundisha habari za Warumi na hakuna mtoto aliyemwuliza nani aliyafagia. Wala yeye hakujiuliza. Kwamba njiani kwenda Trier atanipa kipaza sauti, dakika tano, niwaambie akina mama habari za wale waliokuwa chini ya sakafu. Anne-Marie amekubali.

Nilimwambia nitafikiri. Nilimwambia hivyo huku nimeshasimama nikitafuta kanga ya kuvaa.

Alipoondoka nikayaonja yale maandazi. Yana sukari nyingi. Yamekwisha.

Jumatano, 30 Mei

Hotuba iko tayari. Jamila kaniandikia kwa herufi kubwa, maneno ni yangu. Inaanza hivi: Akina mama, kila nyumba nzuri mnayoiona, kuna mtu alipiga magoti ndani yake. Jamila kasema nyanya, hii ni nzuri sana. Akageuza uso. Ana mafua huyu mtoto, hafungi koti.

Nimeikariri. Naisema nikiosha vyombo. Sufuria zinaijua.

Jumamosi, 2 Juni

Nimerudi sasa hivi. Sijavua viatu.

Bertin aliukagua mfuko wangu mlangoni. Kitambaa cha mkono, tasbihi, hotuba. Akanigongea mguu kama askari. Basi likaondoka saa moja asubuhi, na Sidonie akasoma mpaka mji wa Namur, na baada ya Namur. Halafu akasimama na kitambulisho chake, akasema sasa Maman Hamissi ataongea, muyamaze.

Nikapita mbele. Akanipa kipaza sauti. Kizito kuliko nilivyodhani. Nikageuka kuwatazama watu hamsini, karatasi mkononi.

Na nikaiona njia ya katikati ya basi. Chipsi. Chipsi zimesagwa kutoka kiti cha pili mpaka mwisho. Maganda ya mayai. Ganda la ndizi limetundikwa kwenye mkono wa kiti kama nguo. Saa mbili tu za safari! Hotuba yote ikanitoka kichwani, na karatasi sikuikumbuka.

Nikasema: Inueni miguu.

Walinyamaza. Wallahi walinyamaza wote, hata mashine ya basi nilihisi imeshusha sauti. Watu hamsini wakainua miguu hewani. Anne-Marie akainua. Sidonie akainua, na kitambulisho chake. Nikawaambia mpaka nione zulia hakuna wa kushusha. Kila mtu akaokota cha kwake na cha jirani yake. Nikapita na mfuko, kiti kwa kiti. Dakika tano zikawa ishirini. Nilipomrudishia Sidonie kipaza sauti alikuwa anafuta machozi, akaniuliza na majivu, Maman Hamissi? Nikamwambia hayo ndiyo yalikuwa majivu.

Bertin alipiga honi mbili. Alisema miaka minane anaendesha, hajawahi kufika Ujerumani na basi safi.

Basi tukafika Trier. Tukashuka, tukageuka, na pale mbele yetu, lango la Warumi. Kubwa kama jengo la ofisi, minara miwili, madirisha juu ya madirisha. Na jeusi. Jeusi tii. Jeusi kama sufuria ya harusi. Sidonie akasoma kwamba jina lake ni Lango Jeusi. Yaani uchafu umekaa pale muda mrefu mpaka wameona bora waufanye jina.

Nilihisi mtu amenishika mkono kwa nguvu. Anne-Marie. Hakuniachia mpaka saa ya kuondoka. Hata chooni alinisindikiza. Kasema ni jiwe lenyewe, limebadilika rangi kwa hali ya hewa na moshi wa karne nyingi, limeachwa hivyo kwa makusudi. Nimetikisa kichwa. Nimemwachia aseme. Masizi ni masizi. Na siku hizi mimi si mtu wa kufagia tu, jinsi ninavyosugua imeandikwa chuo kikuu, kurasa mbili, na saini.

Nililipima kwa jicho. Sehemu ya chini, mpaka ninapofika kwa mkono, ni siku mbili. Zilizobaki zinahitaji mpini. Kuna basi lingine la akina mama mwezi wa tisa, na Bertin anakagua mifuko, hakagui buti la basi.

Jamila, ukurasa huu nauacha wazi mezani uusome: Jumatatu asubuhi kabla ya masomo nenda ununue mpini wa mita tatu, ule unaovutika, na siki lita tano. Uvipeleke kwa Sidonie, yeye hakuna wa kumkagua, ukamwambie avifiche chini ya kitanda chake.